Mzee wa Kipande: Urafiki Uliofungua Mlango wa Huduma

*Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata katika maadhimisho ya Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba*



Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 1 Oktoba kuwa Siku ya Wazee mnamo mwaka 1990, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka uliofuata. Ni desturi katika siku kama hii kusoma orodha ya huduma zilizopo kwa ajili ya wazee: matibabu, makazi, mabaraza, dirisha la kuhudumiwa kwanza hospitalini. Orodha hiyo ina haki ya kusomwa. Hata hivyo huduma ni kama kisima. Kuwapo kwake hakumnyweshi mtu asiyeijua njia, wala yule aliyeaminishwa tangu ujana wake kwamba kisima hicho si chake.

Mazungumzo ya leo yanamhusu mtu wa namna hiyo, mzee mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa mkonge, pamoja na kijana fundi seremala aliyemwonyesha njia, tena baada ya kumpoteza kwanza. Majina yao hayatatajwa. Aliye hai anastahili faragha yake, na aliyefariki anastahili heshima yake.

Mkonge na watu waliouchuma

Vijana wengi wa leo wanayaona mashamba ya mkonge kando ya reli na barabara bila kujua yalivyoanza. Mmea huo si wa nchi hii. Asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kupitia Florida, Marekani. Kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na baadaye Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000.

Tani hizo hazikujikata zenyewe. Wenyeji wa karibu na mashamba walikuwa na mashamba yao ya chakula, na wachache kati yao walikubali kuishi kambini. Kwa hiyo vibarua walitafutwa mbali. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kiliunda ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Watu walitoka Kigoma, Songea na Njombe. Wengine walivuka mipaka kutoka Msumbiji, Nyasa na Ruanda-Urundi. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo wakaitwa manamba.

Kibarua alipewa karatasi iliyoitwa kipande, yenye nafasi 30 za kutiwa alama, moja kwa kila siku ya kazi. Siku hizo 30 zilipaswa kutimizwa ndani ya siku 42. Alikata majani yenye miiba mikali kwenye ncha, akayafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, akayapanga kando ya reli ndogo ya shamba ili mnyapara ayahesabu. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi, na makovu ya mikononi ndiyo yaliyowatambulisha wakataji kwa miaka mingi baada ya kuacha kazi.

Kisha nyakati zikageuka. Nyuzi za plastiki ziliingia sokoni, bei ya singa ikaanguka tangu katikati ya miaka ya 1960, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miaka iliyofuata mengine yakaachwa yakameza kichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa mwaka 1964. Mashine zilinyamaza na wenye mashamba wakaondoka. Manamba waliokuwa na kwao walirudi. Wengine walibaki, kwa kuwa kwao kulikuwa kumesahaulika au kumeungua.

Fundi wa vitanda

Mwanzoni mwa mwaka 2013 fundi seremala mmoja kijana alikwenda katika makazi ya wazee wasiojiweza, mkoani Morogoro, kutengeneza vitanda. Aliombwa na jumuiya yake ya sala ajitolee Jumamosi mbili. Vitanda vilikuwa kumi na viwili, vyote vimelegea miguu. Alidhani angemaliza kazi, akunje msumeno wake, aondoke.

Katika chumba cha mwisho alimkuta mzee ameketi sakafuni kando ya kitanda kilichovunjika. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mezani hapakuwa na kitu chake hata kimoja ila kopo la tumbaku lililofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Baada ya hapo mzee hakusema neno jingine mpaka kitanda kikasimama. Wahudumu walimweleza kijana kwamba mzee yule aliletwa kutoka kwenye baraza za soko, alikolala misimu miwili ya masika. Zamani alikata mkonge. Shamba lilipokufa akafanya vibarua katika mashamba ya mpunga. Nguvu zilipopungua akawa mlinzi wa duka usiku. Macho yalipofifia akaambiwa kwamba mlinzi asiyeona analindwa, halindi. Nyumba ya kambini alimokuwa akijihifadhi ilikwisha kuanguka paa. Mwanamke aliyeishi naye alifariki zamani, na hawakujaliwa mtoto. Katika daftari la makazi aliandikwa kuwa Mha wa Kasulu, asiye na ndugu.

Jumamosi ya pili kijana alimkuta mzee anachora mashimo kwenye vumbi la uani kwa kidole, safu nne, kila safu mashimo manane. Kijana alilitambua bao. Akarudi Jumamosi ya tatu, ambayo hakuombwa, akiwa na ubao wa mninga aliouchonga kwa mabaki ya karakana yake na kete 64 za komwe. Kitanda kilikuwa kimemleta kwa zamu. Bao lilimrudisha kwa hiari, na tangu siku hiyo ikawa ada yake kufika kila Jumamosi.

Kila mchezo ulianza kwa ubishi. Kijana alilijua bao la Kiswahili, ambalo mchezaji huanza kwa kunamua, akiingiza kete moja moja kutoka mkononi. Mzee alitaka kete zote ziwe zimepangwa ubaoni tangu mwanzo, na tena alizirudisha nyuma mahali ambapo kijana alitegemea ziende mbele.

"Babu, hivyo siyo."

"Siyo kwenu," alijibu mzee, kisha akanyamaza kama mtu aliyejikwaa.

Kijana hakulitilia maanani neno lile. Akakubali wacheze siku moja kwa kanuni zake na siku moja kwa kanuni za mzee. Katika zile za mzee hakushinda hata mara moja, ingawa mpinzani wake alicheza kwa vidole, bila kuona.

Rimwe, kabiri, gatatu

Mzee alipozihesabu kete kwa kupapasa alihesabu kwa sauti ya chini: *rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu*. Kijana alikariri akawa anahesabu pamoja naye. Siku moja alisema kwa utani wa babu na mjukuu kwamba Kiha ni kitamu.

"Si Kiha," alisema mzee.

Ndipo akalifungua kopo. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha zamani, kilichokunjwa mara nne, chenye namba na jina, na alama za siku ishirini na tatu. Siku saba zilizobaki hazikuwa na alama. Aliugua homa, na kipande hakikulipwa.

Simulizi lake lilitoka kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Alizaliwa upande wa Urundi, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Wabelgiji. Kodi ya kichwa ilikuwa nzito, na kazi za lazima zilikwenda pamoja na kiboko. Mwaka 1956, akiwa na umri upatao miaka kumi na minane, alivuka mto Malagarasi pamoja na wenzake wawili wakatembea hadi Kigoma. Wenzake walimwambia ajiite Mha ili mambo yawe mepesi. Karani alimuuliza jina, akalisikia vibaya, akaandika lililomjia. Kijana yule wa Urundi akapanda treni akiwa na kabila lisilo lake, jina lisilo lake, na namba.

Alikusudia kufanya kazi miaka miwili, alipe mahari, arudi. Akaongeza mkataba mmoja, kisha mwingine. Mwaka 1962 Burundi ilipata uhuru. Mwaka 1972 yakatokea mauaji makubwa, na wakimbizi kwa maelfu wakaingia nchini. Kati yao alikuwapo mtu wa kijiji chake, ambaye alimweleza yaliyoipata familia yake. Tangu hapo mzee hakuulizia tena nauli ya treni.

Jambo moja linastahili kufahamika vyema hapa. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyehesabiwa raia siku hiyo ni yule aliyezaliwa nchini na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa nchini. Kibarua aliyevuka mpaka miaka mitano kabla hakuwa miongoni mwao, hata kama mikono yake ilikuwa imekwisha kukata mkonge wa nchi nzima. Njia ya kuomba uraia kwa tajinisi ipo kisheria, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inaieleza. Lakini mwombaji ni lazima ajitokeze aseme yeye ni nani. Mzee hakuthubutu. Aliogopa kwamba siku atakapolitamka jina lake la kweli ndiyo siku atakayofukuzwa.

Kwa hofu hiyo hakutafuta kitambulisho. Hata matibabu ya macho aliyakataa. Muuguzi alikuwa amemshauri apelekwe hospitali ya mkoa, naye alikataa mara mbili, akisema macho yake yamechoka tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo kuwa mtu wa kutibiwa bila malipo. Huduma ilikuwepo. Kati yake na mzee palikuwa na fomu yenye mstari wa jina na mstari wa mahali pa kuzaliwa, na mistari hiyo miwili ilimtisha kuliko kisu cha daktari.

Neno lililotoka kijiweni

Katikati ya mwaka 2013 redio ilitangaza agizo kwamba wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita waondoke nchini. Mwezi Septemba ikafuata operesheni iliyoitwa Kimbunga. Redio ya makazi iliwekwa ukumbini, nayo ilisikika vyumba vyote. Mzee aliacha kucheza.

"Babu, mbona leo hutaki bao?"

"Kete zimechoka, mjukuu wangu."

Kijana hakuunganisha mambo hayo mawili. Jioni ya siku hiyo aliketi kwenye kijiwe cha kahawa na wenzake, na mazungumzo yalipofika kwenye operesheni, alisema kwa majivuno ya mtu anayempenda mzee wake: "Babu yangu kule makazini ni Mrundi hasa. Alikuja kwa miguu enzi za SILABU." Hakukusudia ubaya wowote. Lakini ulimi hauna mfupa, na kijiwe hakina mlango.

Siku mbili baadaye mtu aliyeleta kuni makazini alichungulia dirishani akasema kwa mzaha: "Mzee, na wewe unarudi kwenu lini?" Mzee mwingine wa chumba cha jirani akaongeza kwamba kumbe chakula cha wenye nchi kinaliwa na wageni. Asubuhi iliyofuata kitanda kilikutwa kimetandikwa vizuri. Mzee hakuwepo, wala kopo halikuwepo. Ubao wa bao alikuwa ameuacha juu ya mto.

Kijana alifunga karakana siku tatu akamtafuta stesheni, msikitini, kanisani, kwenye mashamba ya zamani. Alimkuta jioni ya siku ya tatu katika baraza ileile ya soko alikotolewa, ameketi juu ya gunia.

"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Kwa mila za pwani na bara, hakuna kofi zito kuliko shikamoo isiyoitikiwa.

"Nimekosa, babu. Sikulisema kwa ubaya."

"Nilikuwa na kete moja tu," alisema mzee. "Nikakupa uishike. Ukaitupa barazani."

Kijana hakuwa na jibu. Hakubembeleza wala hakumvuta mkono. Aliketi kando yake. Usiku ulipoingia akalala papo hapo juu ya boksi lililokunjuliwa. Kwa mara ya kwanza aliyaona mambo ambayo mzee alikuwa ameyaishi misimu miwili: mbu wa mfereji, mbwa wa soko, upepo wa alfajiri unaopita chini ya nguo, na mlinzi anayemulika tochi usoni kila baada ya saa moja akiuliza, "Nani huyo?" Mara ya tatu kijana alijibu kwa ukali kwamba hao ni watu. Mlinzi akaenda zake.

Kulipopambazuka mama lishe wa kwanza aliwasha moto wake. Alimfahamu mzee tangu zamani, na bila kuulizwa alileta vikombe viwili vya uji. Kijana alikipokea chake kwa mikono miwili, akamwelekezea mzee kikombe cha pili mkononi, akamwamkia tena.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," alisema mzee. Kisha akanywa uji wake.

Njia ya ofisini

Walirudi makazini kwa miguu. Afisa mfawidhi aliwasikiliza wote wawili, akasema maneno ambayo kijana huyanukuu hadi leo: kwamba nyumba ile hupokea binadamu asiyejiweza, na mengine yote yana ofisi yake. Aliwaita wahudumu na wazee wote ukumbini akakataza mzaha wa asili ya mtu. Tena akamweleza mzee wazi kwamba kuificha habari ile milele hakutamsaidia, na kwamba hatakwenda kuitoa peke yake.

Mzee alitaka siku za kufikiri. Akazichukua wiki tatu. Jumamosi ya nne alisema yuko tayari kwa sharti moja: atazungumza mwenyewe, kwa jina lake.

Walikwenda watatu, yeye, kijana na afisa ustawi wa jamii. Afisa uhamiaji aliyewapokea alikuwa kijana pia. Alikifungua kipande kwa uangalifu, akakisoma mbele na nyuma. Aliuliza mzee aliingia nchini kwa njia gani. Mzee akazitaja stesheni bila kusita, kama mtu anayesali: Kigoma, Uvinza, Kaliua, Tabora, Manyoni, Dodoma, Gulwe, Kilosa, Kimamba. Aliulizwa aliwahi kutoka nje ya nchi tangu siku ile. Akajibu, "Hata nje ya mkoa huu sikutoka." Maelezo yake yakaandikwa kwa jina alilopewa na baba yake, na chini yake likaandikwa lile la karani, ili ijulikane kwamba ni mtu mmoja.

Hakufukuzwa. Wala hakutoka pale akiwa raia, na si kweli kwamba siku hiyo mambo yote yalimalizika. Alitoka akiwa mtu anayejulikana. Watu wa namna yake, walioingia zamani wakaishi nchini miongo mingi bila hati, huitwa walowezi katika lugha ya Uhamiaji, na Idara hiyo imekuwa ikiwatambua na kuwaandikisha katika mikoa mbalimbali.

Baada ya hapo fomu ya hospitali haikumtisha tena. Mwanzoni mwa mwaka 2014 alifanyiwa upasuaji wa jicho moja bila malipo. Bandeji ilipofunguliwa kijana alikuwa amesimama mbele yake, akitarajia kutambuliwa. Mzee alimtazama kidogo, kisha akaomba aletewe bao. Akalipapasa kwa macho muda mrefu, akasema: "Mashimo hayalingani. Ndiyo maana ulikuwa ukishindwa."

Mwezi Oktoba mwaka huo redio ilitangaza habari nyingine. Serikali ilikuwa imewapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu zaidi ya 160,000, wengi wao wakiwa wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mzee alifurahi, akapiga makofi pamoja na wenzake. Baadaye, walipobaki wawili uani, alisema polepole: "Wao walikimbia vita, wakaandikwa. Mimi nilikuja kwa kazi. Mwenye kazi aliandika namba."

Hakulisema kwa wivu. Alikuwa anaeleza hali ilivyo. Mkimbizi alikuwa na daftari lake na shirika la kumsemea. Kibarua alikuwa na kipande, na kipande kilihesabu siku zake bila kumhesabu yeye.

Mzee alifariki masika ya mwaka 2016 kabla jalada lake halijakamilika. Alikuwa ameagiza mapema kwamba alama ya kaburi lake iandikwe majina yote mawili. Kijana alipomuuliza kwa nini atake hata lile la makosa, alijibu: "Yule wa karani ndiye aliyefanya kazi." Kijana aliichonga alama ile kwa mninga uleule wa bao. Majina yapo mawili, na chini yake hakuna namba.

Yanayoweza kufanywa na kata

Ndugu wakazi, kisa hiki hakikusimuliwa ili watu wasikitike kisha warudi nyumbani. Kina mafunzo ya kazi.

Kwanza, mtu anayelala barazani ana jirani zake, nao ni wale wanaopita hapo kila siku. Mama lishe yule alimjua mzee kuliko daftari lolote. Mzee asiye na makao akionekana, taarifa ipelekwe kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, kwa mtendaji, au kwa afisa ustawi wa jamii. Taarifa hiyo haihitaji barua. Mtoa taarifa aseme alipomwona na hali aliyomwona nayo.

Pili, utambuzi wa wazee wanaostahili matibabu bila malipo huanzia katika vijiji na mitaa. Orodha ikitayarishwa, waliopo mkutanoni wajiulize nani hayupo. Mara nyingi anayekosekana ni yule asiye na mtoto wa kumsemea, au mwenye sababu ya kuogopa kusema jina lake.

Tatu, suala la uraia lina ofisi yake, na mahali pake si kijiweni. Neno moja la mzaha lilimtoa mzee kitandani likamrudisha sokoni. Mwenye kujua kwamba jirani yake aliingia nchini zamani bila hati amshauri, amsindikize, na amwachie mwenyewe kauli ya kusema.

Nne, karatasi za zamani zitunzwe. Kipande, stakabadhi ya kodi, cheti cha ubatizo au cha kliniki, hata kikiliwa na mchwa pembeni, kinaweza siku moja kuwa shahidi pekee wa maisha ya mtu. Wajukuu wawaulize babu na bibi zao yamewekwa wapi.

Tano, kujitolea si lazima kuwe kwa fedha. Makazi ya wazee yana vitanda vya kukaza, nguo za kushona, nywele za kunyoa, barua za kusoma. Hata hivyo fundi yule, akiulizwa leo alichompa mzee, hataji kitanda. Husema alimpa Jumamosi zake. Bado huenda. Kuna mzee mwingine sasa, mtu wa Msumbiji, ambaye naye alikata mkonge na ambaye hadai kujua bao. Wanazungumza tu. Kijana husikiliza, na habari anazosikia pale haziendi kijiweni.